Uso wa Mchungaji Hauonekani Saa Moja na Nusu

Kwa miezi saba, kila niliposali ibada ya kwanza, ile ya saa moja na nusu asubuhi, sikuuona uso wa mchungaji wetu. Nilimwona umbo tu: mabega, joho jeusi, mkono unapanda na kushuka. Nyuma yake lilikuwapo dirisha la madhabahuni, upana mita tatu, kimo mita nne. Ndani ya dirisha, Yesu Mchungaji Mwema kabeba mwanakondoo. Nyuma ya Yesu, jua la Dar es Salaam lenyewe, halijapanda hata robo ya mbingu, linatupiga machoni kama taa za basi la mkoani. Wazee wa viti vya mbele walilisikiliza neno macho yamefumbwa. Mgeni angedhani tuna upako.

Dirisha lile ni dhambi yangu, kwa sehemu. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na katika kamati ya ujenzi ya usharika ndiye niliyeandaa makadirio. Saruji niliihesabu kwa mfuko, nondo kwa kipande, bati kwa futi. Nilipofika kwenye dirisha la madhabahu niliandika mstari mmoja, "Kioo cha rangi chenye picha, jumla," nikaweka tarakimu ya kukisia, nikahamia kwenye vigae. Hakuna aliyeniuliza kioo hicho kitatazama wapi, jua litakipata saa ngapi, na nani atakuwa amekaa mbele yake saa hiyo. Nami sikujiuliza.

Pesa zikapungua, kama zinavyopungua kila kanisa likishavuka lenta, na kioo cha rangi kikageuka kuwa stika. Kampuni moja ya mabango ilituchapia picha kwenye nailoni inayopitisha mwanga, ikaibandika juu ya kioo cheupe cha kawaida. Siku ya uzinduzi ilipendeza, sitasema uongo. Akina mama walipiga vigelegele. Kiangazi cha kwanza kikapita juu yake, gundi ikaanza kutoa mapovu. Zilianza kwato za kondoo, halafu pindo la kanzu, na siku si nyingi kidevu cha Yesu kilikuwa kimebanduka na kujikunja kwa mbele, kiasi kwamba feni ikizunguka upande ule anaonekana kama anataka kusema jambo. Watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanamsubiri aseme.

Tukatundika pazia. Zito, la zambarau, mita kumi na nne za kitambaa na bomba la kulishikilia. Kwa hiyo tulilipia dirisha la kuingiza mwanga, kisha tukalipia pazia la kuuzuia, na risiti zote mbili ninazo kwenye faili.

Tangu hapo nikiingia kanisa lolote natazama madirisha kwanza. Nimekuwa kama fundi cherehani kwenye harusi, asiyeona bibi harusi wala keki, anaona mishono tu.

Mwaka uliofuata nilibahatika kuwamo katika ujumbe wa sharika zetu uliokwenda Berlin. Udugu huo ni wa siku nyingi, kwani wamisionari wa Berlin walifika kusini mwa nchi yetu mwaka 1891. Ilikuwa Novemba, na saa tisa alasiri mbingu ilikuwa imeshakata tamaa. Wenyeji wetu walitupeleka kwenye Kanisa la Kumbukumbu la Kaiser Wilhelm, katikati ya jiji, magari yakiunguruma pande zote. Pana mnara wa kale uliovunjika kichwa, na pembeni yake jengo la zege la pande nane, kijivu, lenye viboksi viboksi. Kwa nje nilidhani ni maegesho ya magari. Watu wa Berlin wenyewe wana ulimi: mnara uliovunjika wanauita jino lenye tundu, na majengo mapya, kanisa na mnara wake mwembamba, wanayaita kopo la poda na rangi ya mdomo.

Ukipita mlangoni, maneno yanakwisha. Ndani ni bluu. Wala haifanani na bluu ya ukuta uliopakwa rangi. Ni ile ya ufukweni Bagamoyo dakika kumi kabla ya giza, bahari na mbingu zikinyang'anyana rangi na hakuna anayeshinda. Kuta zote nane zinawaka taratibu, na ndani ya bluu hiyo kuna punje za wekundu, kijani na manjano, chache, kama chumvi kwenye uji. Hakuna picha. Mbele ya ukuta wa madhabahu inaning'inia sanamu ya Kristo ya metali, kimo chake mita 4.6, mikono imetanda, na basi.

Nilikaa kiti cha nyuma na kazi yangu ikaniamka. Mbunifu wake, Egon Eiermann, hakujenga ukuta mmoja. Alijenga kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake akaacha nafasi ya karibu mita mbili na nusu. Zote mbili ni fremu za zege zenye viboksi vya vioo, jumla yake vioo 21,292. Taa zimefichwa katikati ya kuta hizo, kwa hiyo usiku kanisa linawaka kwa ndani na kwa nje. Nafasi ileile ndiyo inayomeza kelele za barabara: unaona kivuli cha basi kinapita lakini mngurumo wake hukusikii. Mwanga wa mchana nao unachujwa mara mbili kabla ya kukufikia. Mchungaji wa Kijerumani aliyesimama madhabahuni nilimwona hadi makunyanzi, kwa sababu hakuna upande mmoja uliokuwa na mwanga wa kumshinda.

Nilisogea nikakitazama kioo kimoja kwa karibu, pua kwa pua. Nilitegemea kioo laini cha dirisha. Nikakuta mabonge. Kazi hiyo ilifanywa na Gabriel Loire, Mfaransa mwenye karakana jirani na mji wa Chartres, na njia aliyoitumia haina uhusiano na kisu cha kukatia vioo. Unayeyusha kioo, unakimimina kiwe kibamba cha unene wa kama sentimita mbili na nusu, kikipoa unakigonga kwa nyundo kipasuke vipande, kisha unavipanga na kuvimiminia zege katikati. Kingo zinabaki zimemeguka kama jiwe la shoka la kale, na kila palipomeguka mwanga unaruka upande wake. Ndiyo maana bluu ile haitulii. Ukisogeza kichwa kidogo nayo inasogea.

Njia ya kale zaidi, ile ya makanisa ya zama za kati, ni kioo chembamba kinachokatwa vipande na kuunganishwa kwa fito za madini ya risasi zenye umbo la herufi H, halafu viungio vikachomelewa. Njia zote mbili zina jambo moja ambalo stika yetu haikuwa nalo: rangi imo ndani ya kioo. Imeyeyushwa pamoja nacho tangu tanuruni. Kobalti kidogo inatoa bluu, shaba inatoa kijani au nyekundu kutegemea moto ulivyochezwa, dhahabu kiduchu inatoa ule wekundu wa damu. Vioo vingi vya kanisa kuu la Chartres vilitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 13, na jua la miaka mia nane halijapata cha kubandua. Letu lilihitaji kiangazi kimoja.

Siwezi kuondoka Berlin bila kusema lililonikaa kooni. Kanisa lile la kwanza lilijengwa kwa matakwa ya Kaiser Wilhelm wa Pili kumuenzi babu yake, likafunguliwa mwaka 1895, wakati bendera ya mjukuu huyo ikipepea Dar es Salaam. Chini ya mnara uliovunjika kuna ukumbi wenye mapambo ya vijiwe vya dhahabu na rangi, na humo utawaona wafalme wa ukoo wake wameandamana kwa heshima zote kuelekea msalabani. Ukumbi huo uliwekwa wakfu Februari 1906. Mzee mmoja wa ujumbe wetu, mtu wa Songea, alisoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akasema kwa sauti ya chini, "Mwezi huohuo kwetu walikuwa wananyonga." Alikuwa sahihi. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinawaka, na mwezi ule machifu wa Wangoni walipandishwa vitanzini Songea. Mwenyeji wetu akauliza mzee amesema nini. Tukamtafsiria yote. Alinyamaza muda mrefu, na kunyamaza kwake nilikupenda kuliko maelezo yake yote ya siku ile.

Mabomu yalilivunja kanisa hilo Novemba 1943. Eiermann, alipochaguliwa kujenga jipya, alitaka gofu lote liondolewe. Wananchi wakaja juu, ikabidi mnara ubaki na kanisa jipya likae ubavuni mwake. Liliwekwa wakfu Desemba 1961, miezi minne tu baada ya jiji kugawanywa kwa ukuta. Ndani, kwenye ukuta wa pembeni, ipo karatasi moja iliyochorwa kwa mkaa: mama amemfunika mtoto kwa shuka lake. Aliichora Kurt Reuber, daktari na mchungaji wa Kijerumani aliyekuwa jeshini Stalingrad, Urusi, Krismasi ya 1942, nyuma ya ramani ya Kirusi kwa kukosa karatasi. Pembeni ameandika maneno matatu: nuru, uzima, upendo. Haina rangi hata moja, nyeusi tupu, na inaning'inia katikati ya bluu yote ile. Nilisimama pale hadi dereva akatuma mtu kunitafuta.

Coventry, Uingereza, nilikwenda kwa nauli yangu. Mdogo wangu ni nesi Birmingham, na kutoka kwake ni safari fupi ya treni. Huko nako hadithi ni ya mabomu, ya upande wa pili: usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Kijerumani ziliuteketeza mji, na kanisa kuu likabaki kuta na mnara. Basil Spence alishinda shindano la kubuni jipya mwaka 1951, dhidi ya mapendekezo zaidi ya mia mbili. Aliliacha gofu lilivyo, akajenga kanisa jipya pembeni, limelipa gofu ubavu. Lilifunguliwa Mei 1962.

Nimefika mlangoni na hamu yangu ya vioo, nimesikia sifa zake tangu chuoni. Nikaingia. Sioni kioo hata kimoja cha rangi kwenye ukuta mrefu wa kushoto. Wala wa kulia. Naona kuta za mawe ya rangi ya waridi iliyofifia, zimekunjwakunjwa kama upepeo wa ukili, na mbele kabisa zulia kubwa la ukutani la kijani lenye Kristo ameketi, kazi ya Graham Sutherland, ambalo kusema kweli halikunikonga moyo: ni kubwa mno, linaimeza madhabahu. Nikatembea, bado mawe. Nikaanza kufikiri nimekosea kanisa.

Ilikuwa ibada fupi ya katikati ya wiki, watu hatuzidi ishirini. Tulipoitwa mezani kwa Bwana nilijipanga nyuma ya bibi mmoja anayetembea na kigari cha kujikongojea. Akapokea, nikapokea. Akageuka kurudi kitini, akasimama ghafla, nikamgonga kisigino. "Samahani," nikasema kwa Kiswahili, kwa mshtuko, kwa sababu nami nilikuwa nimegeuka.

Madirisha yalikuwapo muda wote. Ni kumi, matano kila upande, kila moja linakwenda juu kama mita ishirini na moja, kutoka sakafuni hadi darini. Ila Spence alizikunja kuta kama meno ya msumeno, na kila dirisha akaliweka kwenye ule upande wa jino unaotazama madhabahu. Anayeingia anapewa mgongo wa jiwe. Mwanga wa rangi unaanguka mbele yake sakafuni na kwenye nguzo, anaukanyaga bila kujua umetoka wapi. Anayetoka mezani, akigeuka tu, yote kumi yanamfungukia: kijani ya machipukizi kule mlangoni, kisha wekundu, kisha mchanganyiko wa rangi zote kama ugomvi, kisha zambarau na bluu za utu uzima, na karibu na madhabahu dhahabu. Wameyapanga kama maisha ya mtu. Waliyatengeneza watu watatu, Lawrence Lee, Keith New na Geoffrey Clarke, kila mmoja matatu na moja wakalifanya pamoja.

Yule bibi alinitazama, akatabasamu, akaendelea na kigari chake. Bila shaka amegeuka pale mara elfu, na bado anasimama.

Lipo pia dirisha la ubatizo la John Piper, limepinda, paneli karibu mia mbili, katikati yake mlipuko wa weupe na manjano kama kiini cha yai, na chini yake jiwe zima lililoletwa kutoka jirani na Bethlehemu ndilo kisima cha ubatizo. Na mlangoni kuna ukuta wa kioo kitupu kisicho na rangi kabisa, umechongwa malaika na watakatifu kwa gurudumu la kusagia, mkono wa John Hutton. Kupitia miili ya malaika hao unaliona gofu. Mwaka 2020 wezi walikivunja kioo kimojawapo. Mkadiriaji ndani yangu hajaacha kuwaza habari ya akiba ya matengenezo.

Nikarudi nyumbani na daftari limejaa. Kamati ilikutana Jumamosi ya pili, chai na maandazi mezani, pazia la zambarau likiwa nyuma ya mwenyekiti. Nikaeleza niliyoyaona. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia jua. Wao wakataka kuzungumzia picha.

"Kanisa lisilo na picha ni ukumbi wa harusi," alisema mzee wetu mmoja, mtu wa misimamo, aliyechangia kanisa lile kuliko yeyote kati yetu. Nitamwita Mzee tu. Kijana wa umoja wa vijana akamjibu kwa adabu, "Shikamoo Mzee, lakini hata huyo tuliyekuwa naye alikuwa na macho ya bluu na nywele za dhahabu. Huyo ni Yesu wa kalenda." Wakacheka wote, na Mzee naye akacheka, ila hakuhama alipokuwa.

Ubishi huo si wa kwetu peke yetu. Kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, lilipomwomba mchoraji Gerhard Richter ajaze dirisha lake la kusini, yeye akaleta miraba zaidi ya elfu kumi na moja ya rangi 72, imepangwa kwa bahati nasibu ya kompyuta, bila mtakatifu hata mmoja. Lilizinduliwa mwaka 2007. Kardinali wa jimbo, Joachim Meisner, hakulipenda, akasema lingefaa zaidi msikitini. Nilipolisoma hilo nilitabasamu Kiswahili. Sisi watu wa pwani kioo cha rangi tumekiona kabla ya kukiona kanisani. Zahanati ya kale ya Tharia Topan pale Unguja, roshani zake za mbao zina vioo vya rangi toka karne ya 19, na hakuna picha ya mtu humo. Mwanga wa rangi hauna dhehebu. Mimi binafsi sina ugomvi na picha. Ugomvi wangu ni na picha inayoniunguza macho ili nisimwone mtu anayesema nami.

Kisha likaja la mfadhili. Muumini mmoja alijitolea kulipia dirisha zima, kioo cha kweli, kwa sharti dogo: pembeni chini iwekwe picha ya familia yake imepiga magoti. Hapo ndipo nilipowaambia habari ya Yamoussoukro, Ivory Coast, basilika aliyoijenga Rais Houphouët-Boigny nyumbani kwao, ikawekwa wakfu na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990. Kwenye mojawapo ya vioo vyake Rais mwenyewe amo, pamoja na Yesu. Kikao kikanyamaza. "Sasa huyo alikuwa rais," akasema katibu hatimaye. Sharti likakataliwa kwa kura, na ufadhili ukaondoka nalo.

Tukabaki na jua, na huko ndiko nilikotaka tuanzie. Kioo cha rangi kilizaliwa kwenye nchi ambazo jua ni mgeni. Berlin mwezi wa kumi na moja mwanga unatafutwa kwa tochi, ukipatikana unashikwa na kupambwa. Kwetu mwanga haupungui. Upungufu wetu ni hewa. Jua la Dar halihamihami sana, mwaka mzima linachomoza si mbali na mashariki kamili, kwa hiyo dirisha kubwa la mashariki nyuma ya mimbari litampiga mtu wa ibada ya kwanza Januari na litampiga Julai. Na kioo cha rangi kikishafungwa kwenye fremu hakifunguki. Unapata tanuru lenye nakshi. Hata Wajerumani waliojenga Kanisa la Azania Front pale mbele ya bandari, wakalimaliza mwaka 1902, walijifunza haraka: tazama vile vibaraza vidogo vya vigae juu ya madirisha yake. Ni kofia za kukinga jua, na ndizo zinazolipendezesha.

Nilichopendekeza hakikuwa cha kifahari. Dirisha la mashariki lizibwe kwa tofali, libakie msalaba mwembamba wa tundu, upana wa sentimita kumi. Kuta za pembeni, ambazo zilikuwa bado hazijapigwa plasta, zipate mbavu fupi za tofali zilizoinama kuelekea madhabahu, kama meno ya Spence lakini ya kimo cha mtu na nusu. Juu ya kila ubavu tofali za matundu, zile za urembo tunazozijua sote, hewa ipite. Chini yake, viboksi vya zege vyenye vioo vya rangi. Mwanga unaingia kwa ubavu, hauji machoni, na anayetoka mezani ndiye anayeuona.

"Na hivyo vioo vinatoka Ufaransa?" akauliza mwekahazina, kalamu mkononi.

"Vinatoka baa," nikasema.

Ningeweza kulisema vizuri zaidi. Nilikuwa nimewaza karakana ya Kitengela, kusini mwa Nairobi, iliyoanzishwa na Nani Croze, ambako familia yake imeyeyusha vioo chakavu kwa miaka mingi na kuvirudisha duniani vikiwa mapambo. Sisi hatuna tanuru. Ila chupa nene ikikatwa sentimita saba kutoka kitako, vitako viwili vikaunganishwa mdomo kwa mdomo, inazaliwa silinda ya kioo inayopitisha mwanga pande zote mbili, na fundi yeyote wa tofali anaweza kuijengea zege. Kijani inatoka chupa za bia, kahawia pia, nyeupe za soda. Bluu ndiyo ngumu. Zipo chupa chache za pombe kali na za dawa za zamani.

Mzee alisimama. Hakupandisha sauti, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtu anakuja kanisani kutubu ulevi, ninyi mnampokea kwa chupa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mchungaji akasema tufanye jaribio moja dogo ukuta wa magharibi, karibu na wanapokaa kwaya, likichukiza livunjwe. Gharama ya kulivunja nikaiingiza kwenye makadirio. Safari hii niliandika mistari mingi.

Fundi wetu alikata chupa kwa mashine ya vigae na maji, akaharibu tatu kwa kila moja iliyotoka salama. Zege la kwanza likapasua vitako viwili, kwa sababu alilishindilia kwa nguvu kama anajenga karo. Jua nalo lingekuja kulimalizia, zege na kioo havitanuki sawasawa. La pili akalifanya laini, na kila kitako akakivisha pete ya silikoni kwanza. Boksi moja, sentimita sitini kwa sitini, vitako kumi na sita: kijani tisa, kahawia nne, vyeupe viwili, na bluu kimoja tu, alichokipata wapi sikumuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya kama mtu wa sauti ya pili, si kama kamati. Saa kumi na moja jioni jua likafika ukuta ule. Kwanza sakafuni yakatokea madoa, hayana umbo, kama mafuta kwenye maji. Halafu yakapanda kwenye viti, yakafika magotini, yakapanda kwenye vitabu vya nyimbo. Doa la bluu lilitua kwenye mkono wa mama mmoja wa sauti ya kwanza, akaufungua na kuufunga kiganja chake. Yule wa jirani alikuwa kijani usoni. "Ninyi mmejipa bluu," akalalamika, "sisi mmetumwagia bia!" Mwalimu wa kwaya akagonga kiti turudi kwenye noti, lakini naye ubeti mzima alikuwa ameusimamia ndani ya doa la kahawia bila kuhama.

Mzee aliingia tukiwa ubeti wa tatu. Alisimama nyuma, kofia mkononi, akautazama ukuta mpaka doa la bluu likapanda begani mwa mtu na kufifia. Hakusema neno. Akatoka.

Jumatano asubuhi alinikuta uani naandika vipimo. Amebeba mfuko wa sandarusi, unagongana ndani kila akipiga hatua. Akauweka chini kwa uangalifu, akaufungua mdomo kidogo, akaufunga tena upesi kwa sababu mlinzi alikuwa anapita.

"Za bluu zipo nne," alisema. "Ni za jirani."

"Sijauliza, Mzee."

"Nimeziosha."